Tasnifu iliyolala miaka thelathini

Wadau, kama mna rafiki anayefundisha chuo kikuu, muulizeni kuhusu kupanda cheo. Hatakosa kutaja neno "kunukuliwa": makala zako zimetajwa mara ngapi kwenye makala za wenzako? Hesabu hiyo ina hadi kipimo chake, h-index, alichokibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Ukiwa na makala 10, kila moja imenukuliwa angalau mara 10, h yako ni 10. Basi, mtu mzima kawa namba.

Mimi kipimo hiki sikiamini sana, na sababu yangu ni Mmarekani mmoja, Robert Gallager.

Gallager alimaliza udaktari wake MIT mwaka 1960. Tatizo alilolishika liliachwa na Claude Shannon mwaka 1948. Shannon alithibitisha kwamba kila njia ya mawasiliano, hata iliyojaa kelele, ina ukomo wake wa kasi. Usipouvuka, ujumbe unaweza kufika karibu bila kosa lolote. Hakuonyesha lakini misimbo ya kukufikisha kwenye ukomo huo inatengenezwaje. Ndiyo kazi aliyowaachia wengine.

Jibu la Gallager niliweke hivi. Kamati ya harusi imeandika michango daftarini, daftari limelowa mvua, tarakimu nyingine hazisomeki. Kwa bahati mweka hazina ni mjanja: aliwapanga wachangiaji katika vikundi vidogo, kila mtu yuko kwenye vikundi viwili vitatu, na jumla ya kila kikundi inajulikana. Kikundi kilichopoteza tarakimu moja kinaipata kwa kutoa tu. Tarakimu hiyo inakifungulia kikundi kingine, nacho kinafungua kingine, mpaka daftari lote linasomeka. Kwenye mawimbi ya redio wachangiaji ni biti, na chombo kinachopokea kinakisia, kinasahihisha, kinarudia tena. Misimbo hii inaitwa LDPC.

Makala ilitoka 1962, kitabu 1963. Halafu kimya.

Si kwamba wazo lilikuwa bovu. Lilitaka hesabu nyingi mno kwa kompyuta za enzi zile, na watu wakahamia kwenye misimbo iliyotengenezeka. Cha kuchekesha, Science Citation Index ya Eugene Garfield, daftari kubwa la kuhesabu nani kamnukuu nani, ilizinduliwa 1964, wakati kazi hii ndiyo kwanza inasinzia. Waliogusagusa walikuwepo: Zyablov na Pinsker kule Urusi ya Kisovieti mwaka 1975, Michael Tanner mwaka 1981. Wengi waliobaki walipita tu.

Mwaka 1993 Claude Berrou na wenzake kutoka Ufaransa walisimama kwenye mkutano Geneva na misimbo yao ya "turbo", wakidai wameukaribia ukomo wa Shannon kwa chini ya desibeli moja. Wataalamu wengine hawakuamini, wakadhani kuna hesabu imekosewa. Haikukosewa. Ghafla kila mtu akataka kujua siri ni nini, na siri yenyewe ilikuwa kule kukisia na kurudia. Katikati ya miaka ya 1990 David MacKay wa Cambridge na Radford Neal wa Toronto wakaonyesha kwamba misimbo ya Gallager nayo inafika huko huko. Mwaka 2001 watafiti wengine wakaisanifu hadi kubaki desibeli 0.0045 tu kutoka kwenye ukomo. We acha tu!

Utaniambia: si ameshanukuliwa maelfu ya mara sasa, mbona hesabu imemtendea haki? Sawa, lakini ni kamati gani ya kupandisha vyeo itakayosubiri miaka 30? Gallager aliokolewa na kazi zake nyingine, maana medali kuu ya wahandisi wa IEEE aliipata 1990, tasnifu ikiwa bado usingizini. Kijana aliyekuwa na wazo moja tu la namna ile, wakati huo angekuwa ameshatafuta kazi nyingine.

Leo misimbo hiyo imo kwenye king'amuzi chochote cha DVB-S2 au DVB-T2, mfumo ambao Kenya iliuchagua ilipoachana na analojia mwaka 2015. Imo kwenye Wi-Fi tangu toleo la 2009. Mwaka 2016 wapanga viwango vya 5G waliipa LDPC kazi ya kubeba data. Ishara za kuuongoza mtandao zikapewa misimbo mingine, iliyochapishwa 2009 na Erdal Arıkan wa Chuo Kikuu cha Bilkent, Uturuki. Huyu Arıkan alipata udaktari wake MIT mwaka 1985, na msimamizi wake alikuwa Robert Gallager.