Jina Linajua Saa, Halijui Mwaka

Pale Sondu, Kisumu inapokutana na Kericho, jina la mtu hukueleza mambo ambayo kitambulisho chake hakina. Otieno alizaliwa usiku. Onyango asubuhi jua likipanda, Odhiambo jioni. Ukivuka upande wa Wakipsigis, Kiprop alikuja na mvua, Kibet mchana. Saa tunayo, hali ya hewa tunayo. Mwaka ndio haumo.

Mwaka ulikumbukwa kwa tukio: nzige wa 1931, mafuriko ya 1961. Wakipsigis wana rika pia, Chumo, Sawe, Kipkoimet na mengine, kwa hiyo unajua mzee alipashwa tohara pamoja na kina nani. Lakini rika moja hubeba miaka kama kumi na mitano, na mtu na mdogo wake wanaenea humo bila kusukumana.

Kwa riadha ya wakongwe, upana huo ni balaa. Mashindano yao ya dunia yalianza Toronto mwaka 1975. Mtu huingia akiwa na miaka 35 na kupanda daraja kila baada ya miaka mitano, na umri unahesabiwa siku ya mbio. Mchukue Eliud Kipchoge. Septemba 2023 alikimbia Berlin kwa 2:02:42 akiwa na miaka 38. Katika orodha ya waliotimiza 40, muda huo ni kama haupo. Aprili 2025 akakimbia London kwa 2:05:25, polepole zaidi, na huo unahesabika. Kilichobadilika ni tarehe tu. (Hata hivyo Kenenisa Bekele wa Ethiopia alishamtangulia: 2:04:15, London, 2024.)

Sasa fikiria huna tarehe. Oktoba 2011, Fauja Singh, Mwingereza aliyezaliwa Punjab, alimaliza marathoni ya Toronto kwa zaidi ya saa nane. Pasipoti ilisema alizaliwa 1 Aprili 1911, yaani ana miaka 100. Malkia alikuwa ameshamtumia barua ya pongezi. Guinness wakakataa: walitaka cheti cha kuzaliwa, naye hakuwa nacho. Kumbe Guinness hao hao walishamkubali Kimani Maruge wetu, aliyeingia darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akisema ana miaka 84, bila karatasi ya kuthibitisha. Sijui kama ukali wao ulikua baadaye au saa ya mkononi inaogopwa kuliko kalamu ya mwanafunzi. Mimi ningewapa wote wawili, au ningewanyima wote wawili.

Hapa kwetu karatasi zilikosekana kwa sababu inayojulikana. Serikali ya kikoloni ililazimisha vizazi vya Wazungu viandikishwe tangu 1904. Waafrika walilazimishwa eneo baada ya eneo kuanzia 1963, na nchi nzima ikafikiwa 1971. Si kwamba mkoloni hakujua kuandika habari zetu. Kipande, kilichoanza kutumika mara baada ya Vita vya Kwanza, kilichukua alama za vidole vya mwanamume, jina la mwajiri wake na mshahara wake. Alihitaji kujua ametoroka kazi gani. Siku aliyozaliwa ilimhusu nini?

Piga hesabu: anayetimiza miaka 60 leo alizaliwa katikati ya miaka ya sitini, wakati uandikishaji ungali unatambaa kutoka wilaya hadi wilaya. Hao ndio wakongwe wenyewe wa riadha. Ndiyo maana vitambulisho vya wazee wengi vina 1 Januari, siku ambayo karani huandika akichoka kuuliza.

Lakini sitaki sheria ilegezwe. Kijana anayetaka mbio za chini ya miaka 20 hupunguza umri. Mkongwe akitaka medali rahisi, atauongeza, na makadirio yakikubaliwa kila mtu atakuwa na 75. Rejista za ubatizo zinasaidia kiasi, maana padri aliandika siku ya maji, umri akaukisia. Rejista ya shule ni vivyo hivyo: mkono ukigusa sikio la upande wa pili kupitia juu ya kichwa, umefika.

Ninachotaka ni safu mbili: rekodi iliyothibitishwa, na pembeni yake muda uliokimbiwa na mtu ambaye umri wake umekadiriwa, na njia ya makadirio ikiandikwa wazi. Rika gani, mafuriko yapi, nani shahidi. Mzee wa Sondu akimaliza mita 5,000, saa ya mkononi haidanganyi hata kama Januari yake inadanganya.