Hakuna matata na wana wa Kaloleni

Mgeni akishuka Malindi au Watamu, Kiswahili chake cha kwanza huwa ni jambo, na cha pili ni hakuna matata. Wengi huamini usemi huo ulitoka kwenye filamu ya The Lion King ya mwaka 1994. Lakini ulikuwa umeshavuka bahari zaidi ya miaka kumi kabla yake, na waliouvusha ni wana wa Kaloleni, hapa hapa Kilifi.

Teddy Kalanda Harrison na ndugu zake waliunda bendi ya Them Mushrooms mjini Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Zama hizo utalii ulikuwa umeshika kasi Pwani nzima. Kaskazini mwa Malindi, pale Ngomeni, Waitaliano walikuwa na kituo cha San Marco cha kurushia satelaiti. Waitaliano wengine wakafuata kwa mapumziko, wengi wakajenga, na hadi leo muuza vinyago wa Malindi hupatana bei kwa Kiitaliano bila kigugumizi.

Bendi ilipata riziki yake kwenye hoteli za ufuoni, mbele ya wageni waliotaka kurudi kwao na maneno mawili matatu ya Kiswahili. Kalanda akawakusanyia maneno hayo, hakuna matata yakiwemo, katika wimbo mmoja, Jambo Bwana, uliotoka mwaka 1982. Mwaka uliofuata kundi la Boney M likautoa upya huko Ulaya. Kufikia 1987 nakala zaidi ya 200,000 za wimbo wa Mushrooms zilikuwa zimeuzwa.

Wapo wanaolalamika kwamba mtu wa Pwani husema hakuna shida, au si neno, na kwamba matata ni ya bara. Sibishani nao. Ila fikra iliyomo ndani ni ya kwetu kabisa. Mjulie hali mzee wa Malindi aliyelazwa na homa, atakujibu kwanza, "Njema, mwanangu." Kisha ndipo akwambie mgongo haukumpa usingizi. Hafichi maradhi yake. Anampokea kwanza aliyekuja kumtazama, maradhi yatapata zamu yao. Ndiyo maana huniuma usemi huu unapochukuliwa kuwa kauli ya watu wavivu wasiojali. Waliouimba walikuwa kazini, wamesimama na magitaa yao huku wageni wakila na kucheza.

Mwaka 1994 kampuni ya Disney, iliyotoa The Lion King, iliomba kuusajili usemi huo Marekani kuwa alama yake ya biashara kwenye nguo, na mwaka 2003 ikakubaliwa. Mwaka 2018 Shelton Mpala, mwanaharakati mzaliwa wa Zimbabwe, alianzisha ombi la kuipinga hatua hiyo, na zaidi ya watu 100,000 wakatia saini. Usajili huo haumkatazi mtu kusema hakuna matata. Hata hivyo, usemi wa umma hauna mwenyewe, na kuuandikisha kwa jina la kampuni moja ni kuwadhulumu mamilioni wanaousema.

Malindi imemwekea sanamu Mekatilili wa Menza, shujaa wa Wagiriama aliyewapinga Waingereza, na anaistahili. Ningependa kuona jina la Teddy Kalanda nalo limeandikwa mahali pa wazi Kaloleni, watoto wakipita wakienda shule walisome.