Afriti na Masharti Yake: Historia ya Jini Mtimiza Maombi katika Ulimwengu wa Kubuni wa Pamoja

Neno afriti limekaa katika Kiswahili kwa maana ya pepo mbaya, na kwa kuazimwa huitwa hivyo hata binadamu mwenye hila. Neno hilohilo la Kiarabu lilisafiri pia upande mwingine. Mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa huko Marekani mchezo uitwao Dungeons & Dragons, ambamo watu wachache huketi mezani, kila mmoja akaigiza mhusika wake, na mwongozaji mmoja akasimulia ulimwengu wanamotembea. Jini na afriti walikuwamo tangu vitabu vile vya kwanza.

Kitabu cha viumbe cha mchezo huo kilichotoka mwaka 1977 kiliweka masharti ya afriti waziwazi. Aliyemtiisha aweza kumtumikisha kwa muda usiozidi siku 1,001, au amtimizie maombi matatu na kuachiwa. Lakini afriti si mtumwa wa hiari: hutii neno kama lilivyotamkwa na kuipotosha nia ya aliyelitamka. Kwa mwanafunzi wa lugha, kanuni hii ni zaidi ya mchezo. Inautenga usemi na kusudi lake, kisha inamwadhibu msemaji kwa pengo lililobaki katikati.

Chimbuko la kanuni hii halimo mahali pamoja. Katika Kurani, sura ya An-Naml, afriti mmoja anajitolea kumletea Nabii Sulaiman kiti cha enzi cha malkia wa Sabaa kabla hajainuka mahali pake. Huyo ni mtumishi aliye chini ya amri ya Nabii, wala hatimizi maombi ya mtu. Katika Alfu Lela Ulela, jini aliyefungiwa ndani ya chupa ya shaba anamsimulia mvuvi aliyemfungua jinsi ahadi zake zilivyobadilika kadiri karne zilivyopita. Katika tafsiri ya Kifaransa ya Antoine Galland, iliyoanza kutoka mwaka 1704, jini huyo anasema kwamba karne ya tatu aliapa kumtimizia mkombozi wake maombi matatu kila siku. Hakuja mtu. Ndipo akaapa kumwua atakayemfungua, na kumwachia hiari ya kuchagua aina ya kifo tu. Maombi matatu, basi, yanatajwa kama ahadi iliyokwisha pitwa na wakati. Na mvuvi anaokoka kwa njia iyo hiyo ambayo baadaye afriti wa mchezo angeitumia dhidi ya binadamu, yaani hila ya maneno: anajifanya haamini kwamba kiumbe mkubwa kiasi kile alienea chupani, hata jini anaingia tena ili kumthibitishia.

Kisa cha Aladini, ambacho Galland alikisikia mjini Paris mwaka 1709 kutoka kwa Hanna Diyab, msimulizi wa Halab, hakina hesabu ya maombi kabisa. Jini wa taa hutii kila amri isipokuwa moja: alipoombwa yai la ndege ruhu litundikwe kwenye kuba la jumba, alighadhibika.

Katika pwani ya Afrika Mashariki mkataba huu una sura nyingine, tena wakati mwingine umepinduliwa. Katika ngoma za kupunga pepo, mwenye maombi ni pepo. Humpanda mtu, ambaye huitwa kiti chake, na kwa kinywa cha kiti hudai kanzu, kilemba, pete, au ubani na uvumba. Mganga humtaka ataje jina lake na haja yake mbele ya hadhira, na jamaa hukubali au hujadiliana naye. Mapatano yana mashahidi. Kinyume chake ni jini wa kufugwa kwa ajili ya utajiri, anayevumishwa mitaani na kusimuliwa katika riwaya: huyo hupatana na mtu mmoja kwa siri, na malipo yake hutozwa watoto au ndugu ambao hawakuulizwa. Kiswahili hutumia neno moja kwa hali zote mbili, masharti, na tofauti iko katika nani aliyeyasikia yakitajwa.

Tofauti hiyo ndiyo iliyokuja kuusumbua mchezo ulipotoka kwenye meza moja na kuwa ulimwengu wa pamoja. Mwaka 1992 Jeff Grubb alitunga Al-Qadim, nchi ya kubuni yenye sura ya Uarabuni, ikaunganishwa na ulimwengu mkubwa wa Forgotten Realms. Humo mchawi anayeshughulika na majini huitwa sha'ir, mzizi uleule uliotupa shairi na mshairi; na si bure, kwa kuwa Waarabu wa kale walimdhania mshairi kuwa ana jini wake. Sha'ir wa Al-Qadim hupatana na majini, naye huwiwa nao.

Ugumu halisi ulikuwa mahali pengine. Kuanzia mwaka 2000 hadi 2008 uliendeshwa mfululizo uitwao Living Greyhawk, ambamo wachezaji wa nchi nyingi walishiriki ulimwengu mmoja, na mhusika aliweza kutoka meza hii kwenda nyingine. Katika hali hiyo, anayeomba mfalme afe ameiondoa mezani kwa wengine hadithi ambayo hawajaicheza. Mhusika alisafiri na hati ya karatasi iliyoandika alichokipata, na kisichoandikwa humo hakikutambuliwa. Toleo la kitabu cha viumbe la mwaka 2003 lilikuwa bado linamruhusu afriti kutimiza maombi matatu kila siku (hesabu ya jini wa Galland, kwa kusudi au kwa sadfa), na wachezaji wajanja waliona mara moja kwamba anayemfunga afriti leo na kesho hana haja ya kukoma. Toleo la mwaka 2014 liliwaachia uwezo huo majini wakuu tu, na hata hao kwa hiari ya mwongozaji.

Kuubana hivyo kuliulinda ulimwengu wa pamoja, lakini kulipoteza kilicho bora zaidi katika afriti. Wachezaji walikuwa wamezoea kuandika ombi moja kwa aya nzima, kama mawakili, wakiziba kila mwanya wa maana. Na afriti aliyeongozwa na msimulizi hodari hakuhitaji mwanya wa sarufi. Alitimiza ombi kama lilivyo, kisha akampelekea deni mtu wa meza nyingine, kama jini wa kufugwa anavyomwendea mtoto wa jirani. Waongozaji waliolijua hilo walimtaka mwombaji atamke ombi lake kwa sauti mbele ya wenzake wote kabla afriti hajajibu, na wenzake wakapewa nafasi ya kumkatalia.