Mlango unaojifunga ao kujifungua peke yake: angalia sharnieri kwanza

Unaacha mlango wa chumba wazi, unajifunga. Unausukuma, unajifungua. Wengine wanasema ni upepo, wengine wanasema ni mambo ya usiku. Mara nyingi ni uzito wa mlango tu. Kama sharnieri haziko kwa mstari mmoja wima, mlango unaenda upande ule sharnieri ya juu imeinamia.

Si jambo la kuchekea. Mlango mzito ukijipiga unaweza kuponda vidole vya mtoto, ao kusukuma mbabula yenye moto.

Kupima

Funga madirisha, upepo usikudanganye. Chukua uzi, funga jiwe dogo kwa mwisho, uning'inize kwa sharnieri ya juu. Kama uzi haupiti sawasawa kwa sharnieri ya chini, shida iko pale.

Kutengeneza

Anza na visi. Visi za juu zikilegea, mlango unainama, unakwaruza chini na kujifunga. Zikaze. Kama tundu limepanuka, jaza vijiti vya mbao na kole, acha ikauke, kisha rudisha visi.

Kama visi ziko nguvu, weka kipande cha karto kati ya sharnieri na kadri. Mlango unajifunga? Weka kwa sharnieri ya chini. Unajifungua mpaka ukutani? Weka kwa ya juu. Kipande kimoja kwanza, jaribu, ndiyo uongeze. Ukijifungua na kusimama katikati, karto haitoshi: menizie atahamisha sharnieri moja.

Usikimbilie rabo. Wakati wa mvua mbao inavimba. Ukiikata sana, kiangazi itakauka na mlango utabaki na nafasi kubwa.

Wakati wa kuita masoni

Kama kadri yenyewe imeinama, angalia ukuta. Ufa unaopanda kutoka kona ya mlango, ao mlango wa pili unaoanza vilevile, unaweza kuonyesha kwamba msingi unashuka, zaidi sana kama maji ya paa yanamwagika karibu na ukuta. Gonga pia kadri ya mbao: ikilia tupu, pengine mchwa, wale salale, wamekwisha kuila ndani.

Weka alama ya penseli na tarehe pale ufa unaishia. Ufa ukipita alama ile, acha mlango, tengeneza fasi maji yanapita na uite fundi mbele mvua haijaongezeka.