Nani Aliyeutunza Mtaa? Wakfu, Sheha na Wanawake wa Mji Mkongwe



Kila msimu wa harusi mabibi harusi hutuuliza swali lile lile: "Barua ya sheha ya nini tena? Kwani yeye ndiye walii wangu?" Tunacheka, lakini swali ni zuri. Ndani yake mna historia ndefu ya namna mtaa unavyotunzwa, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya wanawake. Leo tunaisimulia kwa Mji Mkongwe wa Unguja, kwa sababu huko ndiko tunakoona mitaa ikipata wageni wengi na kupoteza majirani.

Wakfu kabla ya ofisi

Zamani mtaa haukuwa ukisubiri serikali. Mwenye uwezo aliweka wakfu nyumba, duka au shamba la mikarafuu, akaagiza pato lake litengeneze msikiti, lisafishe kisima, lisaidie maskini au liwape makaazi watumwa walioachwa huru. Mwenyewe akifa, thawabu zinaendelea na mtaa unaendelea.

Wanawake walikuwamo. Dini yetu inampa mwanamke mali yake mwenyewe hata akiwa na mume, na wanawake wa Unguja waliitumia haki hiyo kuweka wakfu nyumba na misikiti. Kwa hiyo tukipita vichochoro vya Kiponda, Malindi au Mkunazini, tusidhani kila kilichojengwa pale kilitoka katika mfuko wa mwanamme.

Watawala nao walikuwa na sehemu yao. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alileta mjini maji ya bomba kutoka chemchem za nje ya mji, na hamamu aliyojenga ndiyo iliyoupa jina mtaa wa Hamamni. Beit al-Ajaib ilijengwa zama zake, 1883. Waingereza walipoingia mwaka 1890 na kuifanya Zanzibar nchi lindwa, baadaye wakfu nao ukawekwa chini ya kamisheni ya serikali. Tangu hapo mambo mengi yaliyokuwa yakiamuliwa barazani yakawa yanaamuliwa ofisini.

Kodi ya ardhi ya 1928

Ng'ambo, upande wa pili wa Darajani, watu walijenga vibanda vyao wenyewe juu ya ardhi ya matajiri. Wengi waliamini kuwa ardhi ile iliachwa kwa ajili yao, kwa moyo ule ule wa wakfu. Kodi ya ardhi ilipozidi kupanda, mwaka 1928 waligoma kulipa. Wanawake walikuwa mstari wa mbele. Wengi wao walikuwa wenye vibanda, na walikuwamo hata katika kundi lililokwenda kuwatoa wenzao waliokamatwa. Mwaka huo huo serikali ikatunga sheria ya kudhibiti kodi hizo.

Tuzingatie kitu kimoja. Mabibi zetu wale hawakuwa na kura. Hata uchaguzi wa kwanza wa 1957 uliwapita wanawake, na walipiga kura kwa mara ya mwanzo Januari 1961. Lakini mtaa waliujua, nani anaishi wapi na nani hana kitu, na kujua huko ndiko kulikowapa nguvu.

Nyumba zilizobaki bila mwenyewe

Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi wa Mji Mkongwe waliondoka, na majumba yao mengi yakawa ya serikali. Wakaingizwa watu kutoka mashamba na Pemba, familia kadhaa katika nyumba iliyojengwa kwa ukoo mmoja. Maisha yalikuwapo, watoto walijaa vichochoroni, lakini nyumba haikuwa na wa kuitengeneza. Nyumba ya mawe, chokaa na boriti haitaki kuachwa. Dari likivuja msimu mmoja wa masika, boriti zinaoza, na ghorofa ya juu inaishukia ya chini.

Mwaka 1985 ikaundwa mamlaka ya kuuhifadhi Mji Mkongwe. Mwaka 1994 ukatoka mpango wa uhifadhi uliotengenezwa pamoja na taasisi ya Aga Khan, ukihusu majengo takriban 1,700. Mwaka 2000 UNESCO ikautia mji katika Urithi wa Dunia. Hata hivyo, tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Allah awarehemu. Kama jumba lile limeanguka mbele ya macho ya dunia nzima, je, ile nyumba ya ghorofa mbili ndani ya kichochoro?

Kazi ya sheha na diwani

Sasa turudi kwenye barua ya biharusi. Sheha ni kiongozi wa serikali aliye karibu zaidi na mlango wako. Anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, naye huweka kumbukumbu za wakaazi, hupokea wageni wanaohamia na husuluhisha ugomvi. Anaposaini kuwa wewe ni wa hapa na fulani anajulikana, mtaa mzima unasema: huyu tunamjua. Ni kinga kwako wewe bibi harusi, hasa mchumba akiwa ametoka mbali.

Diwani ni mwengine. Yeye huingia Baraza la Manispaa, kwenye mambo ya taka, masoko, mitaro na taa za njiani, na ziko nafasi maalum za wanawake. Kwa wengi wetu mambo haya huonekana madogo. Lakini taa ya kichochoroni ndiyo inayomwezesha msichana kurudi darsani baada ya Isha bila hofu, na mtaro ulioziba ndio unaoyaleta maji machafu mlangoni mwa mzazi aliyejifungua juzi.

Baadhi ya wanawake husema uongozi si kazi yetu. Imesimuliwa kuwa Sayyidna Umar (RA) alimpa Shifa bint Abdullah (RA) dhamana katika soko la Madina. Na Qur'ani inayo sura nzima iliyopewa jina la Shura, mashauriano. Kushauriana kwa ajili ya mtaa ni ibada tukiweka nia.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Methali hii tunaipenda, na biashara zetu nyingi, ikiwamo ushoni, zinaishi kwa wageni. Lakini ili mwenyeji apone, lazima awepo. Nyumba za Mji Mkongwe zinageuka hoteli moja baada ya nyengine, na familia zinahamia nje ya mji. Msikiti unabaki na safu moja Alfajiri. Bibi harusi anatolewa ukumbini, si uani kwa bibi yake, maana uani kwa bibi sasa pana meza za wageni. Nani atakuja kumenya vitunguu vya pilau usiku wa kuamkia harusi? Nani atatandika mikeka ya hitma?

Hatusemi hoteli zifungwe. Tunasema mambo yanapoamuliwa, wanaoishi pale wawepo. Ukisikia mkutano wa shehia, nenda, na umchukue shoga yako. Kama familia yenu ina nyumba ya urithi, kaeni pamoja kabla hamjauza, na muulize Kamisheni ya Wakfu namna ya kuiweka wakfu hata sehemu yake. Kabla ya kutengeneza, pitieni kwa mamlaka ya Mji Mkongwe mpate kibali. Na wewe unayeolewa na kuhamia mtaa mgeni, wiki ya kwanza peleka sahani kwa jirani wa kulia na wa kushoto. Mtume (SAW) ametuusia mno jirani, na huko ndiko mtaa unakoanzia.

Allah awarehemu mabibi zetu walioweka wakfu na walioidai haki, atuhifadhie mitaa yetu, na awajaalie maharusi wetu wote majirani wema. Amin.