Doshiraki: wali na vitoweo katika mkebe mmoja

Watazamaji wa tamthilia za Kikorea wamekwisha kukiona chakula hiki hata kama hawajui jina lake. Ni mkebe wa bati wa rangi ya manjano. Ndani kuna wali uliofunikwa kwa yai la kukaanga, na pembeni kimchi, dagaa na vipande vya soseji. Mlaji huurudishia mfuniko, huutikisa mkebe kwa nguvu mpaka vyote vichanganyike, kisha hufungua na kula kwa kijiko. Wakorea huita chakula hiki dosirak. Mfasiri akiandika “chakula cha mchana” atakuwa ametaja saa ya kula tu, na hata saa hiyo si lazima, kwa maana dosirak huliwa pia safarini, mlimani na kwenye matembezi ya shule.

Wapo wanaoiita “bento ya Kikorea”, na tafsiri hiyo naipinga kwa moyo wote. Bento ni neno la Kijapani. Lilienea Korea wakati wa ukoloni wa Japani, 1910 hadi 1945, na baada ya uhuru wapenzi wa lugha ya Kikorea wakalisukuma nje na kulirudishia heshima neno lao wenyewe, ambalo umbo lake la kale, doseulk, linaonekana katika ushairi wa karne ya 18. Kulitumia neno la mtawala wa zamani kuwa kipimo cha chakula cha waliotawaliwa ni kuwavunjia heshima bila sababu.

Basi tunalo neno gani? Masurufu yana harufu nzuri ya safari za kale, lakini katika ofisi za Tanzania leo masurufu ni fedha anazopewa mtumishi kabla ya safari ya kikazi. Mkebe ni chombo tu, na mwanafunzi ukimtajia mkebe atafikiria vifaa vya hisabati. Hotpoti huhifadhi joto, ilhali dosirak ya kawaida huliwa ikiwa imepoa. Kwa Wakorea neno hili hubeba chombo na chakula kwa pamoja, nami sioni neno letu moja linalobeba vyote viwili. Napendekeza tulikope: doshiraki, katika ngeli ya I-ZI. Naandika sh kwa sababu Mkorea akitamka s mbele ya i, sikio la Mswahili husikia sh. Warusi nao walisikia hivyo: tambi za papo hapo za Kikorea zenye jina hilo huuzwa kwao kama Doshirak.

Lakini kukopa kuishie kwenye jina. Vilivyomo ndani ya doshiraki vina majina ya Kiswahili, tena yanayolingana na ya Kikorea vizuri ajabu. Mkorea hutofautisha byeo shambani, ssal gunia­ni na bap sahanini. Sisi tuna mpunga, mchele na wali. Kila kinachosindikiza bap huitwa banchan, kiwe samaki, yai, nyama au majani, nasi tunacho kitoweo, ambacho wengi wa bara hukiita mboga hata kikiwa nyama. Kwa hiyo doshiraki ni wali na vitoweo vyake vilivyofungashwa pamoja. Myeolchi ni dagaa wa baharini, na hata maandalizi yake yanafanana na ya Zanzibar, ambako dagaa huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Kwenye gim tuwe waangalifu. Ni mwani, ndiyo, lakini si ule wa Paje, Zanzibar, unaouzwa nje ili kutengenezea viungo vya kugandisha vyakula. Huu hukaushwa ukawa mwembamba kama karatasi, ukaliwa hivyo hivyo au ukaviringishiwa wali kuwa kimbap. Na kimchi tusiseme ni kabichi iliyochacha, maana msomaji ataitupa. Ni kabichi iliyochachushwa, kwa makusudi na kwa ustadi, pamoja na chumvi, pilipili na kitunguu saumu.

Kitenzi cha Kikorea ni ssada, kufunga kitu kwa kukizungushia kitambaa au karatasi. Kufungasha kunatosha kabisa. Nyumbani, anayefungasha huacha wali utoe mvuke kwanza, la sivyo matone ya mfuniko yataulowesha. Kimchi hukamuliwa maji au hukaangwa. Dagaa hukaangwa bila mafuta ili harufu kali itoke, ndipo watiwe sosi ya soya, sukari na ufuta. Yai huviringishwa na kukatwa vipande. Kitoweo chenye mchuzi mwingi hubaki nyumbani, kwa kuwa kitavuja na kuchanganya ladha kabla ya wakati wake.

Limebaki neno “jadi”, ambalo mfasiri anaweza kushawishika kulitumia. Mkebe wa manjano Wakorea huuita yetnal dosirak, yaani doshiraki ya zamani, na zamani ndiyo tafsiri sahihi. Kabla ya bati kulikuwa na vikapu vya kusukwa. Mkebe huu ni kumbukumbu ya madarasa ya miaka ya 1960 na 1970. Wakati wa baridi wanafunzi waliipanga mikebe juu ya jiko la darasani, wakiibadilisha nafasi ili ya chini isiungue. Mchele ulikuwa haba, serikali ikahimiza wali uchanganywe na shayiri, na walimu walifungua mikebe kukagua kama agizo limefuatwa. Yai lilikuwa anasa, na mama mwingine alilificha chini ya wali ili mwanawe asinyang’anywe na wenzake. Mfasiri akiandika “doshiraki ya jadi”, msomaji ataona kasri na wafalme. Akiandika “doshiraki ya zamani”, ataona watoto hao.