Kumimina

Mkate wa ngano hukandwa; mkate wa mchele humiminwa. Tofauti hiyo imo katika nafaka yenyewe. Ngano ina gluteni, protini inayolifanya donge livutike kama mpira. Mchele hauna, basi hulowekwa, ukasagwa kwa tui la nazi, ukatiwa sukari, iliki na hamira, ukaachwa uumuke, kisha ukamiminwa sufuriani. Mwambie mjomba leo kuna "mkate usio na gluteni", atauliza: "Kwani nani mgonjwa?" Mwambie ni mkate wa kumimina, ataomba kipande cha pili. Kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, ambaye gluteni humdhuru utumbo, neno hili la Pwani lina heri: linamketisha mkekani pamoja na wenzake, wote wakila chakula kimoja.